Kusomea usafi na tiba ya meno: masomo, vyeti na miaka inayohitajika

Mwezi uliopita mama mmoja alifika kwenye dawati letu la habari akiwa na risiti tatu mkononi. Binti yake alikuwa amelipiwa mafunzo ya miezi mitatu ya usafi wa meno katika chuo kimoja cha mjini. Akapewa cheti chenye muhuri mwekundu. Alipokipeleka kwenye kliniki kuomba kazi, akaambiwa cheti hicho hakimruhusu kugusa kinywa cha mgonjwa. Mama alitaka kujua kama kuna ofisi inayoweza kukitambua. Hakuna. Fedha zile zilitoka kwenye mauzo ya mbuzi na mkopo wa kikundi cha akiba, na mkopo bado unalipwa.

Tumeandika makala haya kwa sababu ya maswali ya namna hiyo. Yanaeleza kwanza hali ya Uganda, ambako wasomaji wetu wengi wanaishi katika makazi kama Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali, kisha yanagusa Kenya, Tanzania na Rwanda. Mwishoni kuna maelezo kwa familia zinazosubiri kuhamishiwa Marekani au Kanada, kwa kuwa huko kazi hii ina sheria zake.

Kazi yenyewe ni ipi

Mtaalamu wa usafi wa meno ni mtu aliyesomea kuzuia magonjwa ya kinywa kabla hayajafika kwenye kung'oa. Anakagua meno na fizi, anakwangua ugaga, yaani ule utando uliokauka ukawa mgumu kama chokaa na ambao mswaki hauwezi kuutoa, anapaka dawa ya kulinda meno ya watoto, anapiga picha ya eksirei pale sheria inaporuhusu, na anafundisha watu namna ya kutunza kinywa. Katika nchi tajiri hiyo ni kazi kamili inayojitegemea. Mtu anaweza kuifanya miaka thelathini bila kung'oa jino hata moja.

Kwetu mambo ni tofauti, na hapa ndipo wengi wanapotea. Uganda, Kenya na Tanzania zina madaktari wa meno wachache, kwa hiyo badala ya kufundisha mtu wa kusafisha peke yake, vyuo vya serikali hufundisha kada ya kati inayofanya kinga pamoja na tiba ya msingi. Uganda kada hiyo inaitwa Public Health Dental Officer, kwa kifupi PHDO. Ndiye mnayemkuta kwenye kituo cha afya cha ngazi ya nne, na watu wengi humwita tu daktari wa meno. Anasafisha, anaziba, anachoma sindano ya ganzi, anang'oa, na anatakiwa kutoka nje ya kliniki kwenda kwenye shule na vijiji. Kwa hiyo kijana anayesema anataka kuwa mtaalamu wa usafi wa meno, njia yake ya kweli nchini Uganda ni stashahada ya PHDO. Anayemuuzia njia fupi zaidi ya hiyo anamuuzia karatasi.

Yapo majina mengine mawili yanayochanganywa nalo. Daktari wa meno kamili husoma shahada ya miaka mitano, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Makerere. Fundi wa maabara ya meno yeye hutengeneza meno ya bandia na vifaa vingine, wala hamtibu mgonjwa. Zote ni kazi nzuri, ila ukijaza fomu ya moja ukidhani ni nyingine hutapata mtu wa kukuhamisha katikati ya mwaka.

Masomo ya sekondari

Stashahada hii ni ya sayansi, na mlango wake hufungwa au kufunguliwa mapema kuliko wazazi wengi wanavyofikiri. Uganda, mwanafunzi wa S1 hadi S4 husoma bayolojia, kemia na fizikia kwa lazima, kwa hiyo hadi hapo hajapoteza kitu kama alama zake si mbaya. Uamuzi mkubwa unakuja anapochagua masomo ya S5. Chuo kitaangalia kwanza bayolojia na kemia katika cheti cha S6, halafu fizikia au hisabati, halafu kitarudi kwenye cheti cha S4 kuona kama Kiingereza, hisabati na sayansi zote zipo na zimefaulu. Idadi ya alama za ufaulu mkuu inayotakiwa huandikwa kwenye tangazo la kila mwaka. Soma tangazo la mwaka unaoomba, usitegemee la binamu yako aliyeingia zamani.

Mwanafunzi aliyechukua historia, jiografia na elimu ya dini S5 hawezi kuingia, hata kama amepata alama za juu kabisa. Tumewaona wa namna hiyo. Baadhi walichaguliwa masomo na shule kwa sababu shule haikuwa na maabara, au kwa sababu walimu waliona sanaa ni rahisi kwa mtoto ambaye Kiingereza chake bado kinachechemea. Mzazi ana haki ya kwenda shuleni kuuliza kabla fomu haijarudishwa. Na kama shule ya jirani haina sayansi katika S5, afadhali kulijua hilo mwezi wa kwanza kuliko baada ya miaka miwili.

Kwa waliosoma Kongo, kinachohesabika ni section na option. Mwenye diplôme d'État ya chimie-biologie ana masomo yanayofanana na yale chuo kinachotaka. Mwenye pédagogie, sociale au commerciale ana diploma halali kabisa, lakini haina sayansi ya kutosha kwa kazi hii, na kuitafsiri kwa Kiingereza hakutaongeza kemia ambayo hakuisoma. Wengine wameamua kurudi darasani na kufanya mtihani wa Uganda upya. Ni uamuzi mgumu kwa mtu wa miaka ishirini na mitatu mwenye mtoto, nasi hatuwezi kumwambia yeyote aufanye. Tunachosema ni kwamba aupime kabla hajalipa ada ya mtu mwingine yeyote.

Karatasi

Vyeti vya nje ya Uganda vya ngazi ya sekondari hupelekwa UNEB, baraza la mitihani la taifa, ili vilinganishwe na vyeti vya Uganda. Vya ngazi ya chuo hupelekwa NCHE, baraza la taifa la elimu ya juu. Cheti kilichoandikwa kwa Kifaransa kinahitaji tafsiri ya Kiingereza kutoka kwa mtafsiri anayetambulika. Tafsiri ya rafiki anayejua Kifaransa haitapokelewa. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inataja waziwazi suala la kutambuliwa kwa vyeti, diploma na shahada za nje, kwa hiyo unapoomba hilo huombi upendeleo.

Shida inayowakwamisha wengi ni jina. Diploma inasema majina matatu kwa mpangilio mmoja, kitambulisho cha mkimbizi kinasema mawili kwa mpangilio mwingine, na barua ya familia imeandika herufi R mahali pa L. Mtu alipokimbia hakuwa akifikiria tahajia. Lakini karani wa chuo akiona majina mawili tofauti anaona watu wawili tofauti. Rekebisha kwanza kwenye ofisi ya OPM katika makazi yako, na pale ambapo haiwezekani, mwanasheria anaweza kuandaa hati ya kiapo inayoeleza kuwa majina yote ni ya mtu mmoja. Fanya hivyo miezi kadhaa kabla ya maombi. Kurekebisha kumbukumbu zako OPM ni bure. Akikuomba mtu fedha kwa huduma hiyo, mkatalie na utoe taarifa.

Kuna pia walioondoka Kongo wakiwa na attestation tu, kwa kuwa diploma yenyewe huchelewa kuchapishwa, wakati mwingine kwa miaka. Tunza attestation hiyo kama dhahabu, piga picha pande zote mbili, hifadhi nakala kwenye barua pepe. Kama palmarès ya shule yako au bulletins za miaka ya mwisho zipo kwa ndugu aliyebaki, mwombe azitume. Zinaonyesha masomo moja moja, na hicho ndicho mlinganishaji anachotafuta.

Miaka mitatu darasani na kwenye kiti cha mgonjwa

Chuo cha serikali kinachojulikana zaidi kwa kada hii nchini Uganda kiko Mulago, Kampala. Wengi bado wanakiita Paramedical, ingawa jina lake rasmi sasa ni Uganda Institute of Allied Health and Management Sciences. Masomo huchukua miaka mitatu. Mitihani ya mwisho ni ya taifa, haitungwi na chuo chenyewe, na hiyo ni njia moja nzuri ya kupima chuo cha binafsi: uliza wanafunzi wake wanafanya mtihani wa bodi gani. Kwa miaka mingi bodi hiyo ilijulikana kama UAHEB. Chuo kinachojitungia mtihani, kujisahihishia na kujitolea cheti hakikufikishi popote katika kazi za afya.

Mwaka wa kwanza huwashangaza waliodhani wamekuja kujifunza meno. Kuna anatomia ya mwili mzima, fiziolojia, biokemia, elimu ya vijidudu, elimu ya dawa, huduma ya kwanza, na mambo ya msingi ya uuguzi. Sababu yake inaeleweka ukifikiria mgonjwa mmoja mmoja. Mwenye kisukari fizi zake hupona polepole. Mwenye presha ya juu hawezi kuchomwa sindano yoyote ile ya ganzi bila hesabu, kwa kuwa ganzi nyingi za meno huchanganywa na adrenalini. Mwenye ugonjwa wa kuvuja damu anaweza kupoteza maisha kwa jino moja lililong'olewa bila kuulizwa swali.

Kisha inakuja anatomia ya meno. Mtu mzima ana meno 32, mtoto ana 20 ya utotoni, na kila moja lina namba yake ya tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza inataja robo ya kinywa, ya pili inataja jino kuanzia katikati. Kwa hiyo 36 ni gego la kwanza la chini upande wa kushoto wa mgonjwa. Tunalitaja hilo makusudi. Magego ya kwanza ya kudumu huota mtoto akiwa na takriban miaka sita, nyuma ya meno ya utotoni, bila jino lolote kung'oka kumpisha. Wazazi wengi hudhani ni la utotoni litakalodondoka, wanaliacha lioze, na mtoto wa miaka kumi anapoteza jino alilotakiwa kuwa nalo maisha yake yote. Mwanafunzi wa PHDO hujifunza namba hizi mpaka aziote usingizini, kwa kuwa kuandika 46 badala ya 36 kwenye kadi ni kumng'oa mtu jino zima na kumwachia lililooza.

Mwaka wa pili mikono huanza kazi. Kabla ya mgonjwa wa kweli kuna kichwa cha bandia chenye meno ya plastiki. Hapo mtu hujifunza kushika chuma cha kukwangulia kama anavyoshika kalamu, na kuegemeza kidole kingine kwenye jino la jirani ili mkono usiteleze na kuchana fizi. Inaonekana ni kitu kidogo. Kwa mujibu wa waliopitia mafunzo hayo, kidole hicho cha kuegemea ndicho kinachowafelisha wengi mtihani wa vitendo. Magonjwa ya fizi, kuoza kwa meno, kuziba, sindano za ganzi, kung'oa, meno ya watoto na eksirei vyote vinaingia hapa, pamoja na takwimu na mbinu za afya ya jamii.

Usafishaji wa vyombo hufundishwa kwa ukali, na ndio tofauti kubwa kati ya mtu aliyesoma na mng'oaji wa sokoni. Vyombo huoshwa kwa brashi kwanza, kwa maana damu iliyokauka huwakinga vijidudu, kisha huingizwa kwenye mashine ya mvuke wa shinikizo, nyuzijoto 121 kwa angalau dakika 15, au 134 kwa dakika chache. Kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi, wala kufuta kwa spiriti. Virusi vya homa ya ini aina ya B huishi muda mrefu kwenye chuma kikavu, na ndiyo maana mwanafunzi mwenyewe hutakiwa kuchanjwa. Chanjo hiyo kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita, kwa hiyo anayetarajia kuanza chuo aanze chanjo mapema.

Somo moja lina asili ya karibu nasi. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, ilianzishwa njia ya kuziba meno bila mashine ya kutoboa wala umeme. Sehemu laini iliyooza huondolewa kwa vyuma vya mkono, kisha tundu hujazwa saruji ya glasi ionoma inayoshikamana na jino na kutoa floraidi kidogo kidogo. Inajulikana kwa herufi ART. Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa dunia mwaka 1994, na mwaka 2021 saruji hiyo iliingizwa kwenye orodha yake ya dawa muhimu pamoja na dawa ya meno yenye floraidi. Kwa kliniki ya makazi ambapo jenereta huzimwa saa nane mchana, njia hii ndiyo inayookoa meno mengi ambayo yangeng'olewa.

Mwaka wa tatu ni wa mzunguko katika hospitali na vituo vya afya, kazi ya utafiti mdogo, na mafunzo ya kijijini. Kila mwanafunzi ana kitabu cha kumbukumbu kinachosainiwa na msimamizi: usafishaji mangapi, kuziba mangapi, kung'oa mangapi, vipindi vingapi vya elimu shuleni. Bila saini hizo mtihani wa mwisho haufanywi.

Jambo linalofanya kada hii ihitajike hapa

Katika magharibi mwa Uganda, na pia kwa baadhi ya jamii zetu kutoka Kongo, mtoto mchanga akiharisha na kupata homa watu husema ana ebinyo. Fizi zake huangaliwa, pale zilipovimba chonge inapojiandaa kuota huonekana kitu cheupe, na fundi wa kienyeji hukichimbua kwa spoku ya baiskeli au kisu. Tanzania hali hiyohiyo imeitwa meno ya plastiki. Kile kinachochimbuliwa ni jino changa la mtoto lenyewe. Kuharisha kunabaki palepale, maana hakukusababishwa na fizi, na juu yake mtoto anapata jeraha, kutoka damu, pepopunda, au maambukizi kutoka kwa mtoto aliyetangulia kuchimbuliwa kwa chombo kilekile.

Muuguzi mwenye foleni ya watu mia hana muda wa kukaa na bibi nusu saa kumwonyesha kwa nini fizi imevimba. PHDO amesomea hilo. Na akiwa ni mtu wa jamii ileile, anayesema Kinyabwisha, Kibembe au Kiswahili cha nyumbani bila mkalimani, bibi humsikiliza kwa namna nyingine. Hii ni sababu moja ya sisi kutaka vijana wa makazi waingie katika kada hii wakiwa na cheti cha kweli, wasiishie na muhuri mwekundu.

Baada ya kuhitimu

Stashahada peke yake haimruhusu mtu kutibu. Mhitimu husajiliwa na Allied Health Professionals Council, baraza lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, kisha anapata leseni ya kufanya kazi inayohuishwa kila mwaka. Baraza hilohilo ndilo la kuuliza kama chuo fulani kinatambulika kabla hujalipa hata senti. Swali moja kwao lingeokoa ule mkopo wa mama tuliyeanza naye.

Kuhusu ajira tuwe wakweli. Sheria ya Uganda inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, lakini nafasi za wilaya hupitia tume za utumishi ambazo mara nyingi huulizia kitambulisho cha taifa. Nafasi zilizo wazi zaidi ni kliniki binafsi, hospitali za makanisa na mashirika yanayohudumia makazi, na haya ya mwisho yamepunguza wafanyakazi tangu ufadhili uliposhuka mwaka 2025. Faida ya kada hii ni kwamba kazi yake haifungwi na makazi. Mji mdogo wowote una watu wenye meno yanayouma.

Nchi jirani

Kenya kada inayolingana na hii inaitwa Community Oral Health Officer, stashahada ya miaka mitatu ya KMTC jijini Nairobi. Mwombaji wa stashahada KMTC anahitaji wastani wa angalau C katika KCSE, pamoja na alama zinazotajwa kwa bayolojia, lugha na sayansi nyingine. Vijana wa Kakuma wana nafuu moja: wanafanya KCSE ileile ya Wakenya, kwa hiyo hawahitaji kulinganishiwa cheti. Kinachowasumbua zaidi ni kibali cha kutoka na gharama za kuishi Nairobi.

Tanzania ina stashahada ya utabibu wa kinywa na meno, miaka mitatu pia, na vyuo vya zamani vya kada hii viko Tanga na Mbeya. Sharti la kuingia ni ufaulu wa masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne, yakiwemo bayolojia, kemia na fizikia, na ufaulu wa hisabati na Kiingereza huongeza nafasi. Yaani hapo kidato cha nne kinatosha, tofauti na Uganda. Wanafunzi wa Nyarugusu na Nduta, hata hivyo, wamesoma mitaala ya Kongo na Burundi, na kutoka kambini kunahitaji kibali, kwa hiyo sharti linaloonekana jepesi kwenye karatasi si jepesi kwao.

Rwanda mafunzo ya tiba ya meno hutolewa na Chuo Kikuu cha Rwanda. Watoto wa Kongo waliosoma katika shule za Rwanda wanashindana kwa matokeo ya mtihani wa taifa kama wenzao.

Ada na ufadhili

Mbali na ada, hesabu sare, buti na koti jeupe, vyombo vya mkono, kitabu cha kumbukumbu, ada ya mtihani wa taifa, usajili wa baraza, nauli na chumba wakati wa mafunzo ya nje. Familia nyingi hupanga ada ya muhula wa kwanza tu na kukwama wa tatu. Chuo kikikupa muundo wa ada usiotaja mtihani wa taifa, uliza kwa nini.

Ufadhili unaojulikana zaidi ni DAFI, ulioanzishwa na UNHCR kwa fedha za serikali ya Ujerumani mwaka 1992. Kwa kawaida unalenga vijana wenye hadhi ya ukimbizi, wenye matokeo mazuri ya sekondari, na wasiozidi miaka 28 wanapoanza masomo. Shabaha yake kuu ni shahada ya kwanza, kwa hiyo anayelenga stashahada asome tangazo la mwaka husika kuona kama kozi yake imo. Fomu ya DAFI haiuzwi. Hakuna mtu, awe wa shirika letu au la mwingine, mwenye nafasi ya DAFI mfukoni.

Kwa wanaosubiri kusafiri

Marekani ndiko kazi ya kusafisha meno ilikozaliwa kama taaluma. Mwaka 1906 daktari Alfred Fones wa Bridgeport, jimbo la Connecticut, alimfundisha msaidizi wake Irene Newman kusafisha meno ya wagonjwa, na mwaka 1913 akafungua shule. Leo mtu husoma programu iliyoidhinishwa na CODA, isiyopungua miaka miwili ya kutwa, na kabla yake hutakiwa kumaliza masomo ya anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, kemia na Kiingereza, kwa hiyo wengi hutumia kama miaka mitatu au zaidi. Halafu kuna mtihani wa taifa wa maandishi wenye maswali 350, mtihani wa vitendo, cheti cha kufufua mapigo ya moyo, na leseni ya jimbo. Leseni ya jimbo moja haikupi ruhusa ya moja kwa moja katika jingine. Kanada nayo ina programu zake zilizoidhinishwa, mtihani wa taifa na baraza la kila mkoa.

PHDO aliyefanya kazi miaka mitano Uganda hataruhusiwa kuanza pale alipoishia. Majimbo mengi yanataka uwe umehitimu programu ya CODA. Hilo limewaumiza watu wazima wenye ujuzi mkubwa kuliko wanaowasimamia. Hata hivyo baadhi wameanza kama wasaidizi wa kliniki za meno, kazi yenye masharti mepesi zaidi ingawa hutofautiana kwa jimbo, huku wakisoma masomo ya awali jioni katika chuo cha jamii. Safiri na nakala rasmi za alama zako katika bahasha iliyofungwa na chuo, na uchukue pia muhtasari wa kozi. Kuviomba ukiwa Ohio kutoka chuo cha Kampala ni kazi ya miezi.

Wakati unasubiri

Mwenye S6 ya sayansi ambaye hajapata ada anaweza kujitolea kama mhudumu wa afya wa kijiji, VHT. Hiyo haimpi cheti cha meno wala haimruhusu kutibu kinywa. Inampa mazoea ya kuzungumza na kaya, na msimamizi wa kituo cha afya anaweza kumwandikia barua.

Kwa wazazi wa watoto walio S4 mwaka huu: fomu za kuchagua masomo ya S5 hujazwa wakati matokeo bado hayajatoka. Njooni na fomu hiyo kwenye dawati la habari kabla haijarudishwa shuleni, pamoja na ripoti za muhula wa mwisho. Wenye diplôme d'État waje na ya awali au attestation, kitambulisho na barua ya familia, ili majina yalinganishwe palepale.